Ngoma Juu ya Wavu wa Papa

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kunong'ona. Papa alikuwa mvuvi wa dagaa, wale samaki wadogo ambao sisi wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, tunawaita ndakala, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Alfajiri alirudi, akala, akalala. Alipolala, mtaa wetu wote wa ufukweni ulilala naye, maana karibu kila nyumba ilikuwa na baba wa namna hiyo. Asubuhi yetu ilikuwa usiku wenye jua. Kuku waliruhusiwa kulia, watoto hapana.

Nilijua kufunika sufuria bila kuigonga kabla sijajua kusoma. Mama hakutuita kwa sauti, alitupungia mkono, na ukichelewa kugeuka ulirushiwa kipande cha muhogo mgongoni. Kidole chake cha shahada kilikaa midomoni mwake muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mgeni akipiga hodi kwa nguvu, Mama alitoka nje akamwamkia kwenye njia, wakazungumza huko huko kwa sauti ya kanisani. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Mtoto haulizi kwa nini ukuta uko pale ulipo.

Mambo ya nyumbani nayo yalikuwa na wakati wake. Mtu anayejiandaa kwenda majini hapewi maneno ya kubeba kichwani, hiyo ni desturi ya wavuvi wetu na hakuna aliyeivunja. Basi kila jambo lilingoja mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote linang'aa, taa hazina kazi na dagaa hawazifuati, kwa hiyo wavuvi hubaki nyumbani wakishona nyavu. Wiki hiyo ndipo paa lilipozibwa, ndipo ugomvi wa shangazi uliposuluhishwa, ndipo tulipocheka kwa sauti. Ukiwa na shida mwezi ukiwa mwembamba, jibu lilikuwa moja tu: mwezi ikitoka, tutaongea.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa humanité, ndiyo sekondari yetu, shule ilipopata fanfare. Ni bendi ya kutembea: tarumbeta chache zilizochubuka, baragumu nene ambalo tuliliita mama mjamzito, ngoma ndogo, matoazi na ngoma moja kubwa ya kubebwa tumboni. Parokia moja ilikuwa imepata vyombo vipya ikatupa vya zamani. Tulivisugua kwa majivu na ndimu siku nzima, mpaka shaba ikatuonyesha nyuso zetu zimevimba pembeni. Ngozi ya ngoma kubwa ilikuwa imepasuka upande mmoja, na fundi wa ngoma wa kijiji cha Lweba akaibadilisha kwa ngozi ya mbuzi. Ilinuka mbuzi hadi mwisho, hasa hewa ilipokuwa na unyevu.

Mwalimu wa jiografia ndiye aliyepewa kazi ya kutufundisha, kwa kuwa alikuwa amepiga tarumbeta ujana wake. Alikuwa mtu mwembamba mwenye haraka, na shati lake lilikuwa na alama ya chaki mfukoni hata siku za mapumziko. Siku ya kuchagua, alitupanga uwanjani akatupa kila mmoja zamu ya ngoma kubwa. Wavulana waliipiga kama wanaua nyoka. Ilipofika zamu yangu niliogopa ile sauti, nikapiga pigo moja, nikangoja liishe lote ndani ya mbao ndipo nikapiga la pili. Mwalimu akaacha kutembea.

"Bengine bote banajua kupiga," akasema. "Huyu anajua kungoya."

Ndivyo mtoto wa nyumba ya kunong'ona alivyopewa chombo chenye kelele kuliko vyote. Nilikwenda nyumbani njia nzima nikitabasamu peke yangu, watu wakanitazama. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani. Mtu akiniuliza leo kama nimewahi kupenda, jibu la kweli linaanza na ile ngozi ya mbuzi.

Mwalimu alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka tukaisikia usingizini. Ngoma kubwa ndiyo miguu ya kila mtu. Mwenye tarumbeta akikosea, tunacheka. Ngoma kubwa ikisimama katikati ya njia, fanfare imekufa, na aliyeisimamisha atamkabidhi mwenzake kirungu cha kuipigia siku hiyo hiyo. Mwenzangu wa matoazi, msichana mrefu mwenye mikono mirefu, aliisikiliza sheria hiyo kwa furaha ambayo hakuificha. Alinipenda, lakini aliipenda ngoma zaidi. Kila mara alisimama karibu nami kuliko ilivyohitajika.

Kisha tukatangaziwa kambi. Vakansi kubwa, ile likizo ya kiangazi, ikianza, shule zenye fanfare zitakusanyika Lweba: za huku ufukweni, za Swima, za kule Fizi juu, hata moja ya Kilembwe. Tutalala kwenye madarasa, tutafundishwa nyimbo mpya, na siku ya mwisho vyombo vyote vya wilaya yetu vitapiga pamoja barabarani. Nilianza kuiota Lweba, mimi niliyepita Lweba mara nyingi nyuma ya pikipiki nikienda kwa bibi. Kijiji kile kile cha mihogo na mitumbwi kikageuka kichwani mwangu kikawa mji wenye hewa ya rangi ya shaba, ambamo watu hawakusema bali walipiga. Niliona ngoma kubwa nyingi zikiwa mstari mmoja na yangu katikati. Mwalimu wa hesabu alinikamata mara nyingi nikiwa Lweba.

Nyumbani sikuwa na pa kufanyia mazoezi. Ngoma ililala shuleni, na hata kama ingekuja kwetu, nani angethubutu? Lakini kwenye kona ya chumba cha kupitia, ukutani kwa chumba alicholala Papa, palikuwa na wavu wake wa zamani, umekunjwa rundo kubwa linalofika kiunoni. Siku moja mchana niliupiga kwa ngumi. Haukutoa sauti. Nikachukua mwiko, nikaufunga kitambaa kichwani, nikapiga tena: pu, kama mtu anayeweka mto kitandani. Nikaona nimepata uwanja wangu.

Kuanzia hapo, kila mchana nilipotoka shule nilikaa mbele ya wavu na kupiga. Mama alisimama mlangoni siku ya kwanza, kidole mdomoni, akasikiliza, akatikisa kichwa na kurudi kwenye moto wake. Chembe za vumbi zilielea kwenye mwanga wa dirisha. Wavu ulinuka dagaa na ziwa na moshi wa zamani, na mimi nilifumba macho nikaenda zangu Lweba, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, barabara ndefu isiyo na mwisho. Sijui kama nimewahi kuwa na amani kama ile tena. Nilipochoka niliacha. Baada ya kitambo kidogo Papa alitoka chumbani akipangusa macho, akaomba maji, na siku yetu ya sauti ikaanza.

Mwezi wa sita ukaja na mtihani wa Serikali. Shule yetu ikawa kituo cha watahiniwa, na kelele ikapigwa marufuku uwanjani. Mwalimu akatupeleka ufukweni. Huko nako hatukuwa peke yetu, maana wanawake walikuwa wameanika dagaa mchanga mzima, na mchanga uliobaki kwetu ulikuwa ule mkanda wa maji maji, pale ufuko unapoinamia ziwani.

"Ninyi ba fanfare," walituambia, "mutu akikanyaga ndakala yetu, ataikula yote na muchanga yake."

Basi tukatembea kwenye mkanda ule, mguu wa kulia ukiwa chini kidogo, wa kushoto juu kidogo, mstari wa nje ukilowa hadi magotini. Tulipiga tukielekea kaskazini, ziwa mkono wa kulia. Kurudi tulirudi ovyo, tukipiga soga, vyombo mabegani, kwa sababu wapuliza tarumbeta midomo ilikuwa imekufa ganzi. Siku baada ya siku ilikuwa hivyo. Kila mmoja wetu alijifunza kusukuma mwili kushoto ili asiteleze majini, na hakuna aliyejua kuwa amejifunza. Ziwa lilikuwa tulivu, milima ya ng'ambo imefutwa na ukungu wa kiangazi, na mara nyingine nilihisi hatutembei sisi, ila ufuko unapita chini yetu.

Nyumbani kiangazi kilikuwa cha maandalizi. Mama alinitwangia unga wa muhogo akaufunga kwenye mfuko. Dada wa jirani aliniazima viatu vyeupe vilivyonizidi kidogo, nikajaza karatasi kwenye ncha. Mkeka, sahani, blanketi, sketi ya bluu ya shule iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa neno moja. Mwalimu alikuwa amesema mzazi wa kila mtoto aje aseme mbele yake kwa kinywa chake kwamba ameruhusu, kwa maana mwaka wa nyuma, kwa wenzetu wa shule nyingine, kulikuwa na baba aliyefuata binti yake kambini kwa fimbo. Mwisho ulikuwa Jumapili.

Nilimwambia Papa jioni moja, nikivunja desturi nusu, kwa sababu alikuwa tayari ameshika koti lake la majini.

"Papa, kuko kambi ya fanfare ku Lweba. Mwalimu anataka uende useme."

Alinitazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa jambo la nchi nyingine.

"Mwezi ikitoka, tutaongea, mama," akasema, akaondoka.

Nilitazama juu. Mwezi ulikuwa ukucha tu. Ungejaa sisi tukiwa tumekwisha kwenda, au wao wakiwa wamekwisha kwenda bila mimi. Nilimwendea Mama akaninyamazisha kabla sijamaliza: hawezi kusema kabla ya mume wake kusema. Na kumwamsha Papa mchana ili kuomba ruhusa, hilo halikufikirika. Nililia kwenye wavu, na wavu haukutoa sauti pia.

Jumamosi ya mwisho mwalimu alitaka mji utuone. Mtihani ulikuwa umekwisha, vakansi imeanza, na asubuhi ile tulipangwa upande wa kaskazini, tushuke na barabara kubwa hadi sokoni na kumalizia shuleni. Tulivaa mikanda myekundu ya kitambaa ambayo fundi alikuwa ametushonea. Mwalimu alitangulia kidogo, kisha akabaki nyuma kurekebisha mstari wa wapuliza tarumbeta, na hapo ndipo ufuko ulipotuonyesha kazi yake.

Kwenye barabara tambarare, fanfare iliyofunzwa kwenye mteremko haiendi moja kwa moja. Tulisukuma kushoto, wote pamoja, kwa nidhamu kubwa. Sasa tulikuwa tunaelekea kusini, na kushoto kwetu ndiko ziwa lilikokuwa. Kwanza tulikwaruza meza ya mama wa beignet, maandazi yetu, akainua sinia lake akatupisha. Kisha barabara ikafika pale inapogawanyika, na mstari wa mbele, bila mtu yeyote kuamua, ukaingia njia ya kushoto. Nilikuwa nyuma ya ule mstari na ngoma tumboni, sioni ardhi. Nilisikia sauti ya mwalimu mbali nyuma ikiita kitu, lakini mwalimu wa jiografia hawezi kuzidi tarumbeta.

Nilijua tulipo kwa harufu. Ulikuwa mtaa wetu. Njia ilikuwa nyembamba, nyumba pande zote mbili, ua wa matete na milango imefungwa, nyavu zimetandikwa juu ya paa. Hakukuwa na nafasi ya kugeuza mama mjamzito wala mtu mwingine. Nyuma ya kila mlango alilala baba wa mtu. Watoto wadogo walitoka kimya, vidole midomoni, macho yamewatoka, wakitutazama kama tumechanganyikiwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya tano mbele yangu, kisha ya nne. Kirungu kiliendelea kupanda na kushuka na mimi nilikitazama kama cha mtu mwingine. Niliona yote kwa pamoja, polepole, jinsi mtu anavyoona katika ndoto. Nikiendelea kupiga, nitamwamsha Papa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na kambi itakuwa imekufa mlangoni petu. Nikisimama, ngoma ni ya mwenzangu wa matoazi kabla ya chakula cha mchana. Kwa njia yoyote ile Lweba ilikuwa imekwenda. Nilichoweza kuchagua ni usingizi wa Papa tu.

Mbele ya mlango wetu niliacha kupiga.

Fanfare ilikufa kama mwalimu alivyosema. Ngoma ndogo zikapotea, tarumbeta moja ikamalizia pumzi yake peke yake kwa aibu, kisha kukabaki viatu, na viatu navyo vikasimama. Mwenzangu wa matoazi alinigeukia. Hakuwa na furaha, namshukuru kwa hilo. Mama alikuwa ameganda kando ya moto na mwiko mkononi. Nikasikia kitasa cha ndani.

Papa alitoka na kitenge kiunoni, uso umejaa mistari ya mkeka. Alitutazama wote, mikanda myekundu, shaba, ngoma yenye harufu ya mbuzi, kisha akanitazama mimi.

"Juu ya nini umesimama?" akauliza, ndiyo kwetu kusema kwa nini.

"Papa, ulikuwa unalala."

"Nilikuwa nalala, ndiyo. Umesimama, nimeamuka."

Sikuelewa. Nilibaki nimeshika kirungu hewani. Akaeleza mbele ya watu wote kwa sauti yake ya kawaida, ambayo mtaani kwetu asubuhi ilisikika kama ya mtu anayehutubia.

"Mi niko nasikia we tangu kule ku barabara, nasema ndani ya usingizi, huyu ni mutoto yangu. Kila siku unapiga ku wavu, mi nalala muzuri. Iko sawa na maji inapiga ku mutumbwi. Ukiacha, mi naamuka, naomba maji. Hukuona?"

Nikaona. Niliona michana yote ile, nami nikiacha, na kitambo kidogo, na Papa akitoka akipangusa macho. Nilikuwa nimedhani ni saa yake ya kuamka.

"Lakini Papa," nikasema, "kwetu hakuna kelele. Juu yako."

Akamtazama Mama, Mama akamtazama yeye.

"Nani aliomba kimya?" Papa akasema. "Ku maji usiku wote batu banaimba, injini inalia, maji inapiga. Narudi hapa, naona bote banafunga kinywa. Nikasema labda muke yangu anapenda hivi."

Mama alishusha mwiko wake. Alipofungua mdomo alinong'ona, kwa mazoea: mama yake alikuwa amemfundisha hivyo, na mama ya mama yake. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha mlango wa jirani ukafunguka, baba mwingine akatoka, akauliza muziki umekwenda wapi. Mimi nilitaka kucheka nao lakini kwanza nilikasirika, nilikasirikia sufuria zote nilizofunika kwa ncha za vidole, nyimbo zote nilizozimeza. Kisha hasira ikalegea yenyewe, kwa sababu Papa alikuwa amesimama jua likimpiga, na sikuwahi kumwona nje asubuhi baada ya uvuvi.

Mwalimu alitufikia akihema, mkono umenyooshwa kuchukua kirungu. Papa akaushika mkono huo akausalimia.

"Mwalimu, ni mi baba yake. Ulisema nikuye niseme. Aende ku Lweba. Na hii ngoma asimupe mutu."

Mwalimu alitazama mkono wake ndani ya mkono wa mvuvi, kisha mstari wake uliopotea njia, na sheria yake ikarudi mfukoni pamoja na chaki. Alitutoa mtaani tukipiga, kwa ombi la wenye usingizi wao. Siku zilizobaki alitutembeza ufukweni kuelekea kusini, ziwa mkono wa kushoto, ili kusawazisha hesabu. Mwenzangu wa matoazi alisema tukifika Lweba tutazunguka duara.

Siku ya safari gari lilikuwa lije asubuhi. Papa alirudi alfajiri, akala, akanong'ona kwa makosa, akacheka, akaenda kulala akaacha mlango wazi. Nilivaa viatu vya kuazima. Mfuko wa unga na mkeka vilikuwa kizingitini.

"Piga kidogo," akasema kutoka kitandani.

Nilikaa mbele ya wavu nikapiga, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mpaka pumzi yake ikawa nzito. Nje gari likapiga honi. Niliogopa kuacha, nisimwamshe kabla usingizi haujamtosha. Mama aliingia akijipangusa mikono kwenye kitenge. Akapiga magoti kando yangu, akaweka kiganja juu ya wavu, akasikiliza kidogo ili ajue nipo wapi, kisha akaanza kupiga pamoja nami, taratibu, pu, pu. Nikaondoa mwiko wangu. Hakukosa hata pigo moja. Aliniashiria kwa kichwa niende, na nilipofika kwenye gari nilijua kuwa hadi Papa atakapotosheka, Mama atakuwa bado anapiga.